Kalima: nyumba ya kampuni, nyumba ya kupanga

Kalima ni mji uliozaliwa na bati. Uko katika eneo la Pangi, jimbo la Maniema, mashariki ya Kindu, katika nchi ya Warega. Kuanzia miaka ya 1930 hadi 1997, sehemu kubwa ya nyumba zake za matofali zilikuwa na mwenye nyumba mmoja tu, naye alikuwa kampuni. Mwenye nyumba huyo hakupiga hodi mwisho wa mwezi kuomba pesa. Hakuandika kontra ya nyumba wala hakutoa risiti. Hadi leo wako wakaaji wanaosema kwamba wakati ule nyumba zilikuwa za bure.

Hazikuwa za bure. Mfanyakazi alilipia nyumba yake kila siku kwa nguvu ya mikono, na siku kazi ilipokwisha, nyumba nayo ilikwisha. Jambo hili lina uzito leo, kwa sababu Kalima sasa ni mji wa wenye nyumba wadogo na wapangaji, na kati ya wapangaji ziko familia zilizokimbia vita. Pande zote mbili zimerithi desturi ile ya kampuni: mtu kukaa katika nyumba bila karatasi yoyote mkononi. Desturi hiyo inawagombanisha watu, na inamfanya aliyekwisha kupoteza nyumba kijijini apoteze na ya pili mjini.

Kabla ya kampuni

Katika vijiji vya Warega hakukuwa na biashara ya kupangisha nyumba. Ardhi ilikuwa ya ukoo. Mgeni aliyefika alipokelewa na mwenyeji, akaonyeshwa mahali pa kujenga, na miti na majani ya kuezekea vikatoka msituni. Alichodaiwa ni kujulikana: ni mgeni wa nani, ametoka wapi, atasimama na nani wakati wa matanga na wakati wa kazi. Mapatano hayo hayakuandikwa, lakini yalikuwa na mashahidi. Wazee waliokuwapo siku mgeni alipopokelewa ndio walioitwa siku ugomvi ulipotokea.

Utaratibu huo ulikuwa na nguvu kwa sababu watu hawakuhama ovyo. Shahidi wa leo alikuwapo kesho, na kama hakuwapo, mtoto wake alikuwapo. Ulinzi wake wote ulikaa katika kumbukumbu ya watu wanaofahamiana. Mahali ambapo watu hawafahamiani, au ambapo mashahidi wametawanyika, ulinzi huo unaondoka.

Symétain na nyumba inayofuata kazi

Mwaka 1932 ilianzishwa kampuni ya Symétain, yaani shirika la kuchimba bati, nayo ikafanya Kalima na Punia kuwa vituo vyake vikubwa. Kasiterite ilichimbwa katika vilima na mito, ikasafishwa, ikapelekwa Kindu kwa barabara, na kutoka Kindu ikaendelea kwa reli. Kazi hiyo ilihitaji maelfu ya wanaume, na wanaume walihitaji mahali pa kulala.

Sheria ya koloni ilikwisha kusema jambo hilo. Amri ya 16 Machi 1922 juu ya kontra ya kazi ilimdai mwajiri amlishe mfanyakazi na ampe mahali pa kulala, na kazi ikiisha amrudishe alikotoka. Hivyo zikajengwa kambi: nyumba zilizopangwa kwa mistari iliyonyooka, za kufanana, kila moja na namba yake. Kila wiki mfanyakazi alipokea posho. Kampuni ilijenga pia hospitali, shule na barabara, na kituo cha umeme wa maji kwenye mto Lutshurukuru. Kwa mtu aliyetoka kijijini, vitu hivyo vilikuwa vikubwa, na hakuna sababu ya kuvidharau.

Lakini angalia kontra yenyewe. Jina lililoandikwa katika kitabu cha kampuni lilikuwa la mwanamume mwenye namba ya kazi. Mke na watoto waliingia katika nyumba kwa jina la mwanamume huyo. Akifukuzwa kazi, alitoka. Akizeeka, alirudishwa kijijini. Akifa, mjane wake hakuwa na kazi katika kampuni, kwa hiyo hakuwa na msingi wa kubaki. Mwenye nyumba, mwajiri na mtunza nidhamu walikuwa mtu mmoja. Mfanyakazi aliyegombana na kapita wake mgodini alikuwa amegombana pia na mwenye nyumba yake.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili mzigo uliongezeka. Mwaka 1942 Wajapani waliteka Malaya, nchi iliyokuwa ikitoa bati nyingi sana duniani, na nchi zilizokuwa zikipigana nao zikaitazama Kongo. Mwaka huohuo utawala wa Wabelgiji uliongeza siku za kazi za lazima kwa wanavijiji kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka. Bati ya Maniema ikawa mali ya vita, na kambi zikawa njia ya kumshika mfanyakazi asiondoke. Mtu mwenye mke, watoto, posho na nyumba katika kambi hufikiri mara mbili kabla ya kuacha kazi. Wakuu wa makampuni katika Kongo yote walilijua hilo. Tangu mwisho wa miaka ya 1920 Union Minière ya Katanga ilikuwa imeanza kuwaweka wafanyakazi pamoja na familia zao kambini kwa sababu hiyohiyo.

Bukavu ilipata njia nyingine. Mwaka 1952 serikali ya koloni ilianzisha ofisi iliyoitwa OCA, iliyojenga nyumba za Waafrika katika miji mikubwa. Watu wa Bukavu wanaijua kazi yake kule Bagira. Katika utaratibu wa OCA mkaaji aliweza kupanga, na aliweza pia kununua nyumba kidogo kidogo, mwezi kwa mwezi, mpaka ikawa yake. Katika kambi ya madini mlango huo haukuwapo. Mtu angeweza kufanya kazi miaka 20, akalipa kwa jasho thamani ya nyumba yote, na bado akatoka mikono mitupu.

Nje ya kambi

Mji wa madini haukai na wafanyakazi peke yao. Walikuja wauza mihogo na mawese, washonaji, mafundi, ndugu waliotafuta kazi. Hao hawakuwa na namba ya kampuni, kwa hiyo hawakuwa na nyumba ya kampuni. Walijenga pembeni, kwa udongo na majani, na aliyekuwa na chumba cha ziada alimkaribisha mwingine. Mara nyingine bila malipo, mara nyingine kwa chakula, mara nyingine kwa pesa kidogo.

Hapo ndipo kazi ya kupangisha ilipoanza katika miji ya namna hii: pembeni ya kambi, mikononi mwa watu ambao kampuni haikuwahesabu. Desturi ya mapatano yao ilikuwa ya kijijini, yaani neno la mdomo mbele ya mashahidi. Desturi ya kambi nayo ilikuwa kukaa bila kontra ya nyumba. Desturi zote mbili ziliishia mahali pamoja, bila karatasi.

Ardhi ya serikali, nyumba ya nani?

Baada ya uhuru wa 30 Juni 1960 yalikuja mambo mengi kwa haraka. Mwaka 1964 waasi wa Simba waliishika Kindu tangu Julai hadi Novemba. Vita vilipopungua, serikali ya Mobutu ilianza kugeuza sheria. Sheria ya Bakajika, ya Juni 1966, ilirudisha mikononi mwa serikali haki za ardhi ambazo koloni ilikuwa imewagawia watu na makampuni. Kanuni ya kazi ya 1967 iliendeleza wazo la zamani, kwamba mwajiri anaweza kumpa mfanyakazi nyumba, au pesa badala ya nyumba. Kisha ikaja sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973, ambayo bado inatawala: ardhi ya Kongo ni mali ya serikali peke yake, na mtu hupewa haki ya kuitumia. Karatasi inayothibitisha haki hiyo kikamilifu ni cheti cha kuandikishwa, kinachotolewa na mhifadhi wa hati za ardhi.

Kwa mwenye palseli wa kawaida, maana yake ni hii. Kuwa na nyumba ni jambo moja, na kuwa na haki iliyoandikishwa juu ya ardhi iliyo chini yake ni jambo jingine. Wako wanaojenga, kuuza, kurithi na kupangisha kwa karatasi ndogo ya chifu wa karitye, au bila hiyo. Siku mtu mwingine anapotokea na karatasi kubwa zaidi, mwenye nyumba na mpangaji wake wanatikisika pamoja.

Jambo hili si la Kongo peke yake. Pwani ya bahari ya Hindi, Waswahili wamelijua kwa muda mrefu. Mjini Mombasa kuna karitye nzima ambamo mtu ana nyumba lakini ardhi ni ya mwingine, naye hulipa kila mwezi kwa ajili ya kiwanja tu. Watu huziita nyumba zisizo na ardhi. Zanzibar, katika mtaa wa Ng'ambo, wakaaji walikuwa na nyumba zao lakini walilipa kwa wenye viwanja, na mwaka 1928 waligoma kulipa malipo hayo yaliyokuwa yanapanda. Huko mwenye ardhi alikuwa tajiri mwenye jina. Kalima mwenye ardhi ni serikali, na kwa muda mrefu aliyeitumia alikuwa kampuni yenye ruhusa ya serikali. Swali ni lilelile: aliyejenga kuta, au aliyekaa ndani yake maisha yote, ana nini mkononi?

Mwaka huohuo wa 1973, tarehe 30 Novemba, Mobutu alitangaza kwamba maduka, mashamba na biashara za wageni zitapewa Wazaire. Maduka mengi na nyumba za wafanyabiashara wa kigeni zikaingia mikononi mwa watu walioteuliwa na serikali. Wakaaji wakajifunza somo baya: mali inaweza kubadili mwenyewe kwa tangazo la redio, bila mtu aliye ndani kuulizwa.

Mwenye nyumba anakufa

Mwaka 1976 Symétain na makampuni mengine ya madini ya Kivu na Maniema yaliunganishwa kuwa moja, SOMINKI. Serikali ilikuwa na asilimia 28, na wenye mali binafsi asilimia 72. Kalima ikaendelea na maisha yake ya kambi: namba ya kazi, nyumba, hospitali, umeme wa Lutshurukuru.

Kilichoiua kampuni hiyo kilianzia mbali. Mwezi Oktoba 1985 baraza la kimataifa lililokuwa likishikilia bei ya bati liliishiwa na pesa, na soko la London likasimamisha biashara ya bati. Katika miezi iliyofuata bei ilianguka zaidi ya nusu. Kampuni iliyochimba bati katikati ya msitu, mbali na bahari, haikuweza kuvumilia. Kazi ya mashine ikapungua, wachimbaji wa mikono wakaongezeka, na mishahara ikaanza kuchelewa.

Mwaka 1997 SOMINKI ilifungwa. Mali yake ikapita kwa kampuni mpya, SAKIMA, iliyotokana na wenye mtaji wa kigeni wa Banro. Mwaka 1998 serikali ya Laurent-Désiré Kabila iliinyang'anya SAKIMA haki zake, na mwaka 2002 wakapatana: Banro ikabaki na dhahabu ya Twangiza, Kamituga, Lugushwa na Namoya, na SAKIMA ikarudi kwa serikali pamoja na bati. Tangu hapo SAKIMA ni kampuni ya serikali.

Katika mabadiliko hayo yote, wafanyakazi wa zamani walibaki wanadai hesabu yao ya mwisho, yaani pesa ambazo mfanyakazi hulipwa kazi inapokwisha. Dai hilo la watu wa SOMINKI limesikika miaka na miaka, katika Maniema na katika Kivu ya Kusini. Kwa mtu anayedai, nyumba anayokaa huwa amana. Moyoni hujiambia: nitatoka siku nitakapolipwa. Kampuni nayo hutazama vitabu vyake na kuona nyumba yake imekaliwa na mtu ambaye si mfanyakazi tena. Kila mmoja ana sehemu ya ukweli, na karatasi ya kuwaamulia haikuandikwa wakati wa amani.

Wajane ndio walio mahali pabaya zaidi. Kanuni ya familia ya 1987 inampa mjane haki ya kuendelea kuitumia nyumba aliyokaa na mumewe. Lakini haki hiyo inahusu mali ya marehemu, na nyumba ya kampuni haikuwa ya marehemu. Mama aliyelea watoto wote ndani ya chumba kilekile anaweza kugundua, baada ya mazishi, kwamba katika macho ya sheria familia yake ilikuwa mgeni humo tangu siku ya kwanza.

Vita, pesa na dola

Mwaka ambao SOMINKI ilifungwa ndio mwaka ambao majeshi ya AFDL yalipita Maniema. Mwezi Oktoba 1998 RCD iliichukua Kindu. Treni haikufika tena kwa miaka kadhaa, na madini ya Kalima yakaondoka kwa ndege ndogo. Pesa zilikuwa zimekwisha kuharibika kabla ya hapo. Mwaka 1993 zaire mpya moja ilichukua nafasi ya zaire milioni 3 za zamani, na mwaka 1998 franka moja ya Kongo ikachukua nafasi ya zaire mpya 100,000. Aliyepangisha chumba kwa bei ya Januari aliona pesa hiyo haimnunulii chochote Desemba. Ndiyo sababu wenye nyumba walijifunza mambo mawili: kuhesabu kwa dola, na kutaka pesa ya miezi mingi mapema. Ulikuwa ulinzi wa mtu aliyeungua.

Kutoka hapo pesa ya nyumba ya Kalima ikafungwa na bei ya madini. Mchimbaji akipata, analipa. Asipopata, halipi, na mwenye nyumba hawezi kutoa ada ya shule. Mwezi Septemba 2010 rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji wote wa mikono katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema, na amri hiyo iliondolewa Machi 2011. Katika mji ambao wapangaji wengi wanaishi kwa kasiterite, miezi sita bila kuchimba ni miezi sita ya madeni. Mwenye nyumba mwenye busara alijua kwamba kumfukuza mpangaji hakukuwa dawa, maana aliyekuja baada yake angekuwa mchimbaji vilevile.

Familia zilizokimbia

Shabunda na Pangi ni majirani, na pande zote mbili zinakaliwa na Warega. Vita vya Raia Mutomboki vilipopamba moto Shabunda tangu 2011, familia zilivuka na kutafuta usalama. Mwaka 2025 M23 iliichukua Goma mwisho wa Januari, kisha Bukavu mwezi Februari, na watu wakatawanyika tena kila upande wa mashariki.

Nchini Kongo waliokimbia wengi hawalali katika kambi za mahema. Hupokelewa na familia. Hapo desturi ya zamani ya mwenyeji na mgeni inaamka, na ni desturi nzuri iliyookoa maisha ya wengi. Lakini mwenyeji naye ana chumba kimoja na watoto wake. Baada ya miezi chakula kinapungua, maneno yanaanza, na mgeni anatafuta chumba cha kupanga. Asiye na pesa hulipa kwa kazi: hulima shamba la mwenye nyumba, huchota maji, hupasua kuni.

Aliyelisikia jambo la Symétain atatambua hali hii mara moja. Mtu anayelipia chumba kwa jasho lake, bila kuandikiwa siku ngapi za kazi ni mwezi mmoja wa chumba, amerudi katika kambi bila kujua. Hata mwenye shamba asipokuwa mbaya, hesabu yenyewe haina mwisho. Leo siku mbili kwa wiki, kesho tatu, na akiugua, chumba kiko hatarini.

Anayelipa kwa pesa ana hatari nyingine. Anatoa garanti, pengine ndiyo pesa yote aliyotoka nayo kwao, anapewa ufunguo, na hapewi karatasi. Mwenye nyumba akifa, watoto wake wanasema hawajui garanti yoyote. Nyumba ikiuzwa, mnunuzi anasema yeye hakupokea kitu. Zamani shahidi angeitwa. Lakini shahidi wa mtu aliyekimbia yuko Shabunda, Bukavu au hajulikani aliko.

Mwenye nyumba pia ana hofu zake, na zina msingi. Amejenga kwa miaka kumi, tofali kwa tofali. Anaogopa mpangaji atakayeondoka usiku na deni, au atakayebaki akisema hana pa kwenda. Anaogopa kwamba akiandika kontra, mtoza kodi atakuja. Kodi juu ya mapato ya nyumba ipo tangu sheria ya 10 Februari 1969, kiwango kilichozoeleka katika sheria ya taifa ni asilimia 22, na leo ni kodi ya jimbo. Kwa hofu hiyo wako wanaochagua kunyamaza, wakisahau kwamba bila kontra wao pia hawawezi kudai deni mbele ya hakimu.

Yaliyoandikwa na sheria

Sheria namba 15/025 ya 31 Desemba 2015 inahusu kupangisha nyumba zisizo za biashara. Inataka kontra iandikwe. Kwa nyumba ya kukaa, garanti haipaswi kupita pesa ya miezi 3. Anayetaka kumaliza mapatano, awe mwenye nyumba au mpangaji, anatakiwa kutoa taarifa miezi 3 mapema. Na ugomvi ukitokea, kabla ya kwenda mahakamani, pande zote mbili hupatanishwa kwanza na ofisi ya serikali inayoshughulikia makazi.

Kwa mama aliye peke yake na watoto, sheria nyingine ina maana kubwa. Kanuni ya familia ya 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mume kwa mapatano yanayomfunga kisheria. Sheria ya 15 Julai 2016 iliondoa ruhusa hiyo ya upande mmoja na kuweka makubaliano ya wote wawili. Jina la mwanamke linaweza kusimama katika kontra. Katika kitabu cha kambi halikuweza kusimama.

Kontra haihitaji maneno makubwa. Ukurasa mmoja wa daftari, katika nakala mbili, unatosha kusema majina ya pande zote mbili, nyumba ilipo na hali ya mlango, bati na madirisha siku ya kuingia, pesa ya nyumba na ni franka au dola, garanti iliyotolewa, tarehe ya kulipa, na sahihi za mashahidi. Anayelipa kwa kazi aandikiwe siku ngapi, kazi gani, kwa mwezi upi. Kila malipo yaongezewe mstari mmoja na sahihi. Mtu asiyejua kuandika anaweka kidole mbele ya shahidi anayejua kusoma. Anayeondoka kwa haraka anaweza kukunja ukurasa huo na kuuweka pamoja na kadi ya kupiga kura na vyeti vya watoto.

Symétain iliandika kila kilo ya kasiterite iliyotoka Kalima. Ilikuwa na vitabu vya mizigo, vya posho, vya namba za watu. Kitu ambacho haikumwandikia mfanyakazi wake ni haki yake juu ya mahali alipolala, na miaka mingi baada ya kampuni kufungwa, ugomvi wa nyumba zile bado upo. Mwenye chumba kimoja cha kupangisha leo katika karitye ya Kalima ana nguvu ya kufanya kile ambacho kampuni kubwa haikufanya: kumpa mpangaji wake karatasi, na kubaki na nyingine.